Jiwe Lililofungwa Kitambaa

Kufuli likibanwa hulia ka. Ni sauti ndogo, lakini saa kumi alfajiri, Bigwa ikiwa imelala na milima haijaonekana, mtu huisikia hadi chumbani. Kwa hiyo nililiviringishia pindo la kanga yangu kabla ya kulibana, ili mjukuu wangu asiamke. Nilifanya hivyo kila siku ya soko tangu mvua za mwaka jana. Nilijiona bibi mwenye huruma.

Mjukuu wangu anaitwa Mwanvita, ana miaka saba. Mama yake, binti yangu Asha, aliondoka alfajiri kama hiyo kumfuata mume mpya huko Kisaki. Alimwambia mtoto atarudi Jumapili. Hakusema Jumapili ipi. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, basi akabaki kwangu, na mimi sina kazi nyingine ila kulima na kuuza mchicha na figiri. Wachuuzi hununua kukiwa bado giza. Nilimwachia uji kwenye chupa ya chai na kopo la haja, nikafunga, nikarudi saa moja kumtoa aende shule. Sikumwambia mtu. Nilijua watu wangesema nini.

Zamani tulikuwa tukitaniana. Mimi mke mwenzake, yeye mke mwenzangu, tukimgombania marehemu babu yake. Mama yake alipoondoka, utani ukaisha. Mtoto akaanza kuwauma wenzake shuleni, kuvunja vikombe, kujikojolea. Mwalimu wake, Gervas, hakutufukuza, ingawa alikuwa na alama za meno mkononi. Alituandikia barua twende kwa Dada Irene, mnasihi wa mjini anayewasaidia watoto kwa njia ya michezo.

Jirani yangu Mama Halidi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Bibi Sabra, unamtoa mtoto Bigwa hadi mjini akachezee mchanga? Kwani wa hapa kwetu una dhambi?"

"Wa mjini umesoma," nikamjibu.

Chumba cha Dada Irene kina mkeka, wanasesere wa vitambaa, ng'ombe wa udongo na vibao vya kujengea. Kila mtoto ana beseni lake la mchanga. Akimaliza, beseni hufunikwa, likawekwa kwenye rafu mpaka wiki ijayo.

"Hapa hakuna anayepanga upya, Bibi," aliniambia siku ya kwanza. "Yaliyomshinda kusema anayaweka humu."

Alhamisi ya nne tulifika mapema. Beseni la Mwanvita lilikuwa tayari mkekani. Dada Irene akampeleka msalani, mimi nikabaki peke yangu. Nikafunua.

Wiki iliyopita, mimi nikimsubiri nje, alikuwa amejenga nyumba ya vibao isiyo na dirisha. Ndani alikaa mwanasesere mdogo, na pembeni yake kizibo cha soda. Kizibo kile nilijua ni kopo gani. Nje kulikuwa na mwanasesere mzee, kikapu kichwani, anakwenda zake. Mlangoni palikuwa na jiwe, na jiwe lile lilikuwa limefungwa kitambaa.

Nililitazama muda mrefu. Mtoto aliyelala hawezi kujua habari ya kanga. Alfajiri zote zile alikuwa macho, akinisikiliza ninavyomfungia polepole.

Ningeweza kuketi nikamsubiri. Badala yake mikono yangu ikaanza kazi. Nikaondoa jiwe, kitambaa nikakificha ndani ya kanga. Nikamtoa mwanasesere mdogo, nikaibomoa nyumba, nikamsimamisha kando ya bibi yake. Nikasawazisha mchanga kwa kiganja kama ninavyosawazisha tuta la mchicha, nikawapanga na ng'ombe kwenye mstari mmoja.

Mwanvita aliporudi hakulia. Kelele zake nilizizoea, hizo ningeziweza. Alitazama beseni, akanitazama mimi, kisha akageukia ukutani.

"Nani amegusa?" Dada Irene aliuliza.

"Labda mtoto aliyetangulia," nilisema. Mimi, mwenye miaka sitini na tisa, nikamsingizia mtoto nisiyemjua.

Dada Irene alichukua kikombe. Alinimiminia chai, akaiweka karibu na mkono wangu, akanisogezea na sukari. Afadhali angenigombeza.

Wiki nzima Mwanvita hakuuma mtu wala kuvunja kitu. Hakuzungumza pia. Mwalimu Gervas alikuja hadi nyumbani kuuliza kama anaumwa. Nilimwambia ni uchovu, akaniamini, akamwachia mtoto ndizi mbili. Alipoondoka nilikaa jikoni bila kuwasha moto. Mtoto alikuwa ameanza kusema, nami nikamfumba mdomo. Nisipokiri, hatasema tena, si kwangu wala kwa mtu mwingine.

Jumatano jioni nikaenda kwa Mama Halidi, nikamweleza yote huku nimeinamisha macho. Nilingoja anicheke.

"Siku zote hizo?" alisema. "Na mimi naamka saa tisa usiku kukanda maandazi, ukuta kwa ukuta na wewe! Ulidhani nitamkaanga?" Kisha akafuta mikono kwenye kanga yake. "Mlete. Akitaka alale, akitaka anihesabie maandazi."

Kesho yake niliingia kwa Dada Irene nimekishika kile kitambaa kiganjani.

"Ni mimi niliyepangua," nilisema. "Na ni mimi ninayemfungia ndani."

"Nilihisi, Bibi," alisema taratibu. "Lakini mwenye beseni si mimi."

Basi nikaketi mkekani, magoti yakalia, nikamtazama mjukuu wangu.

"Mwanvita, niliivunja nyumba yako kwa sababu niliona aibu. Halafu nikasema uongo. Kukufungia nimeacha. Nikienda sokoni utakuwa kwa Mama Halidi, na nitakuaga ukiwa macho. Nisamehe."

Sikuwahi kumwomba mtoto msamaha. Hata Asha sikuwahi kumwomba.

Mwanvita alinyoosha mkono. Alichukua kitambaa, akakinusa, akakiweka chini ya goti lake. Halafu akavuta vibao, akaanza kujenga. Alijenga polepole sana. Dada Irene hakumharakisha, nami nilikalia mikono yangu isije ikasaidia. Nyumba iliposimama, akamweka mwanasesere mdogo ndani, akachukua jiwe. Safari hii aliliweka upande wa ndani, miguuni pa mwanasesere. Akanikabidhi mimi yule mwanasesere mzee mwenye kikapu.

"Piga hodi," alisema. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwa siku saba.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi bibi."

"Bibi yupi? Mabibi wako wengi."

Nikamsogeza yule mzee karibu na mlango. "Mke mwenzako."

Akafikiri. "Nina kazi. Subiri."

Nikasubiri. Alinisubirisha kweli, akipika uji ndani ya kizibo kingine cha soda, akiukoroga kwa njiti. Mwishowe akalisogeza jiwe, upana wa kidole tu. Mwanasesere wangu asingepita hapo, nami sikumsukuma.

"Leo huingii," alisema, bila kuniangalia. "Ndani kuna fujo."

"Sawa. Niende?"

"Nenda. Lakini uje tena. Uje mchana, na upige hodi kwa nguvu nisikie."