Weka Nje ya Mlango

Mimi ni mpika vitumbua na sioni aibu kusema hivyo. Niliacha shule darasa la tano. Nimelima mpunga, nimevua, nimebeba magunia mashineni, na katika kazi zote hizo hakuna hata moja iliyofanya watu wanitafute kwa jina. Vitumbua vimefanya. Treni ikisimama stesheni ya Ifakara nilikuwa pale na ndoo yangu, na abiria akishauma kimoja anatoa kichwa dirishani na kuuliza swali lile lile: "Baba, hivi vinapikwaje?"

Treni haisubiri maelezo. Siku moja nikamwambia abiria anipe anwani yake, nitamwandikia. Ndivyo biashara ilivyoanza. Niliandika karatasi moja kwa herufi kubwa, tangu kuloweka mchele mpaka kukaanga. Mke wangu Merina akaisahihisha, nikaitoa kopi mjini. Mtu akinitumia hela kwenye simu, namtumia karatasi kwenye bahasha, kwa posta au kwa basi.

Shemeji yangu Leodegar, kaka yake Merina, ana duka la vinywaji hapa kwetu Mlabani. Aliposikia alicheka mpaka akakaa kwenye kreti.

"Shemeji, sasa unauza maneno?"

"Nauza vitumbua visivyochacha njiani."

"Si uwatumie kwa WhatsApp?"

"Nikituma WhatsApp ananunua mmoja, unapika ukoo mzima. Karatasi ataibandika jikoni kwake. Jirani akiitaka, anipigie."

Na walipiga. Mlimba, Makambako, Mbeya, mpaka Tunduma, wote watu wa kwenye reli, wakiambiana wao kwa wao. Merina aliondoa sahani za wageni kwenye kabati la sebuleni ili bahasha zipate pa kukaa. Mimi wa darasa la tano nasomwa mpaka mpakani! Nilikuwa napita mjini kifua mbele, sifichi.

Halafu Jumatano moja ya mwezi wa saba simu ikaita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Violeth, wa Makambako. Baba, karatasi yako ni ya uongo."

Hakupiga kelele. Alisema taratibu, na ndiyo maana iliniuma. Alikuwa amepika mara mbili, na mara zote mbili unga ulikataa kuumuka. Vitumbua vikatoka kama soli za kandambili.

"Hamira umeweka?"

"Nimeweka."

"Umefunika?"

"Nimefunika, nikaweka nje ya mlango mpaka uumuke, kama ulivyoandika."

"Basi hamira yako mbovu."

"Nimenunua mpya, baba. Sikiliza. Jumapili mwanangu anapata kipaimara. Nimewaahidi akina mama wa jumuiya chai na vitumbua vya Ifakara, na wewe nimekusifia sana. Visipotoka nitaaibika mimi. Na nitawaambia aliyeniaibisha ni nani."

Akakata. Nilijua maana yake. Wateja wangu wanaletwa na midomo ya watu, na midomo hiyo hiyo ingewaondoa, kituo kimoja baada ya kingine, mpaka ifike hapa stesheni kwangu.

Merina alikuwa uani anapepeta mchele. Nikamsimulia yote, nikamalizia, "Huyo mama hajui kupika."

Hakuinua kichwa. "Wewe umewahi kufika Makambako?"

"Sijawahi."

"Watu wanaotoka huko wakishuka hapa stesheni, kitu cha kwanza wanafanya nini?"

Nikafikiri. Wanavua makoti. Wanavua na kofia za sufu, wanashangaa jua letu, halafu wanatafuta maji ya kunywa.

"Nje ya mlango," Merina alisema, akapuliza makapi. "Nje ya mlango wa nani?"

Hapa kwetu ukiweka bakuli nje ya mlango, kabla hujamaliza kufagia unga umeshainua kitambaa. Nilidhani nimeandika mapishi yote. Kumbe nusu yake ilikuwa joto la huku kwetu Kilombero, na hilo sikulitia kwenye bahasha.

Nilichanganya unga mwingine, nikabeba bakuli mpaka dukani kwa Leodegar.

"Shemeji, nipe nafasi kwenye friji."

"Ya nini?"

"Nataka kwenda Makambako."

Akanitazama, akatazama bakuli. "Nauli soda moja. Na siti imebaki hapo chini tu, karibu na maji."

Nikalipa. Tulipolitoa bakuli baadaye, unga ulikuwa umelala vile vile nilivyouacha. Leodegar akachungulia juu ya bega langu.

"Shemeji, hicho kimekufa."

"Hakijafa. Kinasikia baridi."

Kutwa nzima ya Alhamisi nilikuwa natoka dukani naingia jikoni, natoka jikoni naingia dukani. Bakuli moja nililiweka karibu na jiko, unga ukaiva upande mmoja. Jingine nikaliweka juu ya majivu ya moto, chini pakawa uji. Leodegar akaanza kuwaambia wateja wake kwamba friji yake sasa ni treni. Mwisho nikachukua beseni, nikatia maji ya uvuguvugu, nikaketisha bakuli humo ndani, nikafunika kwa blanketi, na maji yakipoa nabadilisha. Unga ule ule uliotoka kwenye friji ukaamka. Uliinuka mpaka ukasukuma kitambaa. Nikamwita Merina aje aone, naye akaja na mikono yenye sabuni.

"Haya," alisema. "Sasa andika."

Ningeweza kumpigia Violeth nikamweleza. Lakini mimi nauza karatasi. Karatasi ndiyo iliyomwangusha, karatasi ndiyo ingemwinua. Niliandika upya yote, beseni, blanketi na maji ya kubadilisha, na mahali pa "nje ya mlango" nikaandika "mahali penye joto, na kama kwenu hakuna joto, litengeneze hivi." Ijumaa asubuhi bahasha ilipanda basi. Kopi za zamani Merina aliwashia jiko.

Jumapili, tukiwa tunajiandaa kwenda kanisani, Leodegar ameshafika na shati lake jeupe, simu ikaita. Nikaweka sauti kubwa wote wasikie, liwalo na liwe.

"Baba, unga umejaa bakuli. Lakini naogopa kukaanga. Akina mama wamenizunguka hapa."

"Usiogope. Weka simu karibu na chuma cha kukaangia. Mimina."

Unga uliolala ukigusa mafuta unapiga kelele mara moja, halafu kimya. Ulioumuka unaendelea, chichichichi, bila kupumzika. Niliinamisha sikio. Merina alishika mlango usije ukalia. Ikaja: chichichichi, haikati.

"Geuza," nikasema.

"Mbona mapema, baba?"

"Geuza!"

Akageuza. Halafu mtu nyuma yake akapiga kigelegele, na mwingine, na Violeth alikuwa anacheka hata kusema hawezi.

"Vimefura, baba! Vimefura kama vya stesheni!"

"Si kama vya stesheni," nikamwambia. "Ndivyo hivyo hivyo."

"Akina mama wanataka karatasi. Wote."

"Waambie ya kwako waisome tu, wasiinakili, halafu walipie zao."

Tulitoka kwenda kanisani kwa miguu. Njia nzima Leodegar alisimamisha watu, akiwasimulia jinsi alivyonipeleka Makambako kwa friji yake mwenyewe na jinsi nilivyosikia kitumbua kinaiva nikiwa Mlabani. Merina alitaka kumnyamazisha. Nikamzuia. Kila mara alilitaja jina langu, tena kwa sauti kubwa, na njia ya kanisani ilikuwa imejaa watu.