Zimwi la Akita Lapigana Nyumbani

Tazuko Hatakeyama alikuwa na miaka kumi na saba alipopanda treni kwenda Tokyo kujaribiwa mieleka. Wasichana mia tisa walijitokeza siku ile, kila mmoja akijiona stelingi tayari. Bosi wa kampuni, Bwana Sugaya, alimzunguka Tazuko mara mbili kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Kwenu mnafanya nini?"

"Mama anatengeneza tofu."

"Na magunia ya soya nani anabeba?"

"Mimi."

Sugaya alimgonga begani kwa kiganja, akasikiliza kama anayechagua tikiti maji. "Sawa. Utakuwa adui."

Tazuko alikwenda kulia chooni. Huko alimkuta msichana mwingine akinawa uso, mwembamba, macho makubwa, jina lake Rumiko Ebina. Yeye alikuwa ameteuliwa stelingi.

"Unalia nini sasa?"

"Wamesema mimi adui."

"Afadhali wewe. Adui anaruhusiwa kula anavyotaka."

Tazuko akacheka huku kamasi zikimtoka, na urafiki ukaanzia hapo, mbele ya sinki.

Walilala chumba kimoja na kula wali wa sufuria moja mwaka mzima, wakijifunza kuanguka kwenye magodoro membamba mpaka shingo zikawa ngumu kama mpingo. Kisha kampuni ikawatenganisha. Ebina alivikwa nguo nyeupe, akapewa wimbo wa kuimba kabla ya pambano, na wasichana wa shule wakawa wanazimia kwa ajili yake. Tazuko alipakwa rangi nyeusi na nyekundu usoni, akapewa fimbo ya mwanzi na jina la mkoa wao: Zimwi la Akita. Basi la maadui likawa mbali na basi la mastelingi. Mbele za watu, wale wawili walikatazwa hata kusalimiana.

Na kazi aliiweza. Loo, aliiweza! Siku mia tatu kasoro chache kwa mwaka alikuwa akimkimbiza Ebina kwenye kumbi za nchi nzima, akimkaba kwa kamba, akimburuta kwa nywele mpaka kwenye viti vya watazamaji. Ukumbi mzima ulikuwa ukipiga kelele afe. Tazuko alisimama katikati ya kelele zile, jasho likichuruza na rangi usoni, moyo ukimdunda kwa furaha ambayo hakuweza kumweleza mtu. Watu elfu tano walimchukia kwa pumzi moja, na yeye ndiye aliyeishika pumzi ile mkononi.

Mwaka wa tano alimrusha Ebina nje ya ulingo, na Ebina akaangukia ukingo wa meza. Mfupa wa bega ukavunjika. Kesho yake dereva wa teksi alikataa kumpakia Tazuko. Kule Akita, mtu alichora kwa rangi mlangoni mwa duka lao la tofu: MAMA WA ZIMWI.

Mama yake, Mitsue, aliusugua mlango, kisha akapiga simu.

"Umemvunja mtoto wa watu?"

"Ndiyo, mama."

"Ulikusudia?"

"Hapana. Mkono uliteleza."

"Basi mpelekee matunda." Akakata simu.

Tazuko alipitia mlango wa nyuma wa hospitali, tikiti maji amelificha ndani ya koti. Ebina alikuwa amefungwa bandeji mpaka kidevuni.

"Umechelewa, we zimwi," alisema. "Chakula cha hapa hakina chumvi. Likate upesi kabla nesi hajaja."

Kampuni ile haikuwa na mwanamke ulingoni aliyepita miaka ishirini na sita. Hiyo ilikuwa sheria, na Tazuko aliijua tangu siku ya kwanza. Alipotimiza, Sugaya alimwita ofisini.

"Pambano lako la mwisho unataka wapi?"

"Nyumbani, bosi."

"Akita? Mwezi wa pili? Theluji itatuzika."

"Nyumbani."

"Unajua adui haagwi. Adui hupigwa, akaondoka."

"Basi nipigwe nyumbani."

Theluji kweli ilikuwa imefika kwenye mapaa siku waliyowasili. Lakini kufikia saa nane mchana ukumbi wa michezo wa mji ulikuwa umefurika, watu wamekaa mpaka kwenye ngazi, kila mmoja na viatu alivyovua mlangoni ndani ya mfuko. Safu ya kwanza kabisa aliketi Mitsue, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minane, mgongo umenyooka, mfuko wa mabuti yake ya mpira mapajani. Katika miaka tisa ya mieleka ya mwanawe hakuwahi kutazama hata pambano moja. Jirani yake ndiye aliyemburuta.

Zimwi lilitokea na fimbo yake, na maganda ya machungwa yakaanza kuruka.

"Rudi kwenu!" alipaza sauti mzee mmoja kutoka juu.

"We babu, kwao si ndiyo hapa?" akajibiwa, na ukumbi ukacheka.

Kengele ikalia. Tazuko hakungoja Ebina avue koti. Alimrukia angali nalo mwilini, akamzungushia kichwani, akamtandika fimbo mgongoni. Kelele zilitikisa madirisha. Ebina alijinasua, akampiga teke la kifua lililosikika mpaka mlangoni. Walishikana. Walirushana. Mara mbili mwamuzi alipiga chini hesabu ya mbili, bado moja tu mshindi apatikane, na mara mbili bega likainuka. Dakika ya kumi na tano Ebina alimkumba kwa mwili mzima, wote wawili wakapita katikati ya kamba na kuanguka nje, puu, miguuni pa safu ya kwanza.

Ebina aliinuka wa kwanza. Aliiokota fimbo ya mwanzi akaanza kulipa ya miaka tisa, fimbo kwa fimbo, huku wasichana wa shule wakihesabu kwa sauti moja. Nne. Tano. Sita.

"Inatosha," alisema Mitsue.

Nani angemsikia? Saba. Nane.

Mitsue alisimama, akauzungusha mfuko wa mabuti, akamtwanga nao Ebina kisogoni.

Hesabu ya wasichana ikakatika. Ebina aligeuka, fimbo juu, na kumkuta mama mfupi mwenye aproni, mfuko bado mkononi. Malezi ni malezi. Stelingi wa taifa aliishusha fimbo, akainama mpaka kiunoni.

"Samahani sana, mama."

"Usiniombe mimi. Muombe huyo uliyemlaza chini."

Kicheko kilichoripuka hapo kilianzia safu za mbele kikapanda ngazi mpaka juu. Tazuko, akiwa chini, mbavu zikimwaka, alimwona mama yake amesimama juu yake kama kuku juu ya kifaranga, na akili ikamrudia. Ebina alikuwa bado ameinama. Adui ni adui. Alimkamata kiuno, akamsukumia ulingoni, akambwaga kwa nguvu zake zote, na kumlalia.

Moja. Mbili. Bega likainuka.

Ndipo aliposikia. Mwanzo ilikuwa sauti ya jirani yao, muuza samaki, kisha safu nzima, kisha ukumbi: Tazuko, Tazuko, Tazuko. Katika kumbi zote za nchi hakuna aliyewahi kuita jina lake la kuzaliwa. Damu ilimpanda kichwani. Alipanda nguzo ya kona, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani, akasimama juu akiyumba, uzito wake wote, na watu wote wakasimama pamoja naye. Akaruka.

Ebina alibingirika. Tazuko alitua kifudifudi, pumzi yote ikamtoka. Alihisi mikono ikimnyanyua kinyumenyume, dari ikapita mbele ya macho, mabega yakagota chini. Moja, mbili, tatu.

"Bado unanuka soya," Ebina alimnong'oneza, bado amemlalia, naye analia.

Sugaya mwenyewe alipanda ulingoni. Alichukua nyundo, akagonga kengele mara kumi, taratibu, kama wanavyoagwa wakubwa. Riboni za karatasi hutupiwa stelingi; hakuna aliyekuja na za kumtupia zimwi. Wale wasichana wa shule waliangalia riboni nyekundu walizomletea Ebina, wakaangaliana, wakazitupa zote kwa Tazuko, mpaka akasimama pale amefunikwa, rangi ya uso imechuruzika yote, amebaki na sura yake.

Kampuni iliondoka kesho yake. Yeye alibaki. Wiki ileile dereva wa gari la kusukuma theluji alivunjika mguu, na halmashauri ikatafuta mtu asiyeogopa kishindo. Tazuko aliliendesha gari lile kwa miaka thelathini na minne, na kila kulipokucha na theluji watu walitoka milangoni kumpigia kelele.

"We zimwi, anzia kwangu leo."

"Panga foleni, babu," alikuwa akijibu kutoka dirishani, na kukanyaga mafuta.