Shingo ya Roketi

Kati ya ndugu wawili aliketi mwanamke, na mbele ya mwanamke palikuwa na kitufe chekundu. Kifuniko chake cha plastiki kilikuwa tayari kimefunguliwa.

"Shemeji," alisema mdogo mtu bila kugeuza kichwa, "mwambie mumeo roketi yake imeanza kucheza shingo."

"Amekusikia. Hana pamba masikioni."

"Mwambie tu."

Mwanamke akashusha pumzi. "Baba watoto, mdogo wako anasema roketi yako inacheza shingo."

"Mwambie haichezi. Inachezeshwa."

Hivyo ndivyo walivyozungumza mwaka mzima. Mdogo, ambaye karakana nzima ilimwita Usukani, ndiye aliyetunga mfumo wa kuiongoza roketi. Kaka yake, Mifupa, ndiye aliyeuchora mwili wake. Walitaka roketi ya kupanda juu na kurudi kutua kwa miguu yake, ijazwe mafuta, irushwe tena. Ya kwanza ilivunjika ikirudi. Ya pili ikavunjika vilevile, vipande vikamwagika kwenye changarawe mbele ya macho yao. Kwenye kikao cha uchunguzi Usukani alisimama akasema mwili ni legelege. Mifupa akasimama akasema usukani una kiherehere. Mtaalamu wa upepo, aliyekuwa mjanja kuliko wote wawili, akasema upepo ulikuwa wa kawaida, kisha akaenda kutafuta kazi kwingine. Tangu siku hiyo ndugu hawakusemeshana. Hata mama yao alipofariki walibeba jeneza kila mmoja upande wake, macho mbele.

Hii ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Mwenye kampuni hakupindisha maneno: ikivunjika, geti linafungwa. Nje, nyuma ya ukuta wa zege, mafundi wa kuchomelea walikuwa wamejipanga wakitazama mbinguni, kila mtu na mawazo ya nyumbani kwake.

Safari hii Mifupa alikuwa ameongeza vyuma ndani ya mwili, na Usukani alipoviona alifurahi kimoyomoyo. Alidhani kaka amekubali kosa bila kulitamka. Mwili sasa ulikuwa mgumu kama nguzo. Mbona basi shingo ilikuwa inacheza?

Roketi ilikuwa inashuka, injini zimezimwa, mapezi yake ya karibu na kichwa yakikata hewa. Kwenye skrini, mstari wa kijani wa shingo, uliokuwa umenyooka kama uzi, ulianza kujikunja, na kila wimbi lilikuwa kubwa kuliko lililolitangulia.

Usukani akafanya alichokifanya siku zote. Mbele yake palikuwa na swichi ya kuzungusha iliyopanga ukali wa mapezi. Ukizungusha kulia, yanairekebisha roketi haraka na kwa nguvu. Ukizungusha kushoto, yanalegea. Akazungusha kulia. Mawimbi yakapanda. Akaongeza, meno yameumana, na mawimbi yakapanda tena.

"Inakaribia mstari wangu mwekundu, mpaka wa usalama," alisema mwanamke. "Ikigusa nabonyeza. Sitamngoja mtu."

"Usiilipue, shemeji. Nakuomba."

"Ng'ambo ya changarawe kuna watu wanaanika nguo. Unataka niwaambie nini?" Sauti yake ilipasuka. "Na nikibonyeza, nyinyi wawili ndiyo basi tena. Mtasemeshana siku mmoja anamfukia mwenzake."

Usukani akaisogelea skrini. Alitazama mistari miwili, wa shingo na wa mapezi. Shingo ikienda, mapezi yanaifuata. Mapezi yakienda, shingo inayafuata. Katika ajali zile mbili alikuwa ameitazama mistari hiyo hiyo mpaka macho yakamuuma, na kila mara aliona shingo ndiyo iliyoanza. Leo alikuwa ametoka tu kuikaza swichi kwa mkono wake mwenyewe, na aliona kilichofuata: shingo ilizidi.

Walipokuwa wadogo walitumwa kubeba bomba refu la maji, kaka mbele, yeye nyuma. Bomba likaanza kurukaruka mabegani. Yeye akalikumbatia ili alitulize, likazidi, likamtupa chini. Kaka akapiga kelele: "Acha kupigana nalo, tembea!"

Kihisi, kifaa cha kupima roketi imeelekea wapi, kilikuwa kimefungwa shingoni. Shingo ikijipinda kidogo tu, kihisi kinadhani roketi nzima imegeuka, kinayaamuru mapezi. Mapezi yanaipiga hewa, hewa inaipinda shingo zaidi. Hakuna aliyekuwa anadanganya hapo. Kila mmoja alikuwa anamjibu mwenzake, na kila jibu lilikuwa kali kuliko lililotangulia.

Dawa aliijua: ayaambie mapezi yaupuuze mpigo wa shingo, yaani kasi yake ya kutikisika. Alikuwa ameshaiweka tangu zamani. Lakini aliiweka kwa mpigo wa mwili wa zamani. Vyuma vipya viliubadilisha, na aliyejua umekuwa upi ni mtu mmoja tu, ambaye yeye hakumuuliza.

"Shemeji, muulize mumeo..."

"Muulize mwenyewe!" Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe.

Usukani akageuka. Uso wa kaka yake ulikuwa umezeeka kuliko alivyoukumbuka.

"Kaka," alisema. Neno lilitoka kama bolti yenye kutu. "Mpigo mpya wa shingo. Ngapi?"

"Kumi na moja kwa sekunde, tangi likiwa karibu tupu." Mifupa akakodoa macho. "Ulikuwa unatumia ule wa zamani?"

"Ndiyo."

"Mwaka mzima?"

"Kaka, si sasa!"

Akaandika namba hiyo, akaituma, kisha akaizungusha swichi kushoto kabisa. Vidole vilimkatalia kidogo. Ilikuwa kama kumwachia mtoto mkono katikati ya barabara.

Roketi ikaanza kuserereka kutoka kwenye njia yake.

"Inakosa uwanja wa kutua," alisema, na mkono ukarudi kwenye swichi.

Mifupa alikuwa amekwisha kuinuka. Alimshika kifundo cha mkono. "Iache."

"Inakosa, kaka!"

"Ikose. Iache itembee."

Mawimbi yakapungua. Roketi ikaukosa mstari mwekundu kwa unene wa ukucha. Kisha injini zikawaka, madirisha yakatetemeka, kamera zote zikaonyesha vumbi tu. Injini zilipozimika, vumbi halikutulia. Mafundi nje hawakushangilia wala hawakulia. Nao hawakuona kitu.

Uliobaki ulikuwa mstari wa shingo peke yake. Ulikuwa umelala. Halafu ukapanda polepole, ukashuka polepole, kama kifua cha mtu mgonjwa.

"Imesimama au imeanguka?" aliuliza mwanamke. Kidole hakukitoa.

Mifupa akausogelea mstari mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye skrini. "Iliyoanguka haiyumbi hivi. Huo ni upepo, unaisukuma."

"Au inaanguka taratibu," alisema Usukani.

"Au inaanguka taratibu," alikubali Mifupa.

Vidole vya Usukani vikataka swichi tena, ingawa swichi haikuwa na kazi tena. Mkono wa kaka yake ulikuwa bado juu ya kifundo chake, mzito, na hakuna kati yao aliyekumbuka kuuondoa.

"Kaka, tufanye nini?"

"Tusifanye kitu," alisema Mifupa.

Wakakaa hivyo, wakilitazama vumbi.