Nyongeza ya Ah Keong

Kwa miaka mitatu mama mkwe wangu alikuwa akipekua kikapu changu kila nikitoka sokoni, akitafuta kitu kimoja tu: vitunguu vya majani. Hapa Mtaa wa Petaling, muuza samaki akikukubali kuwa wa kwake, hukutupia kishada cha bure juu ya samaki. Ukivinunua, wewe bado mgeni. Mimi, niliyeolewa kutoka Kuching, ng'ambo ya bahari, nilikuwa nikivinunua.

"Leo ni mkesha wa mwaka mpya," aliniambia asubuhi. "Ukirudi na nyongeza ya Ah Keong muuza samaki, samaki wa usiku utapika wewe. Ukikosa, atapika Siew Peng. Na usiombe. Kuomba ni aibu."

Wifi yangu Siew Peng alikuwa ameshajifunga aproni. Nikachukua kikapu, nikatoka.

Sokoni hapakupitika kwa watu na machungwa ya mwaka mpya wa Kichina. Mezani kwa Ah Keong nilianza kama nilivyolelewa: samahani kaka, naomba, tafadhali. Akanitolea samaki wa kwenye barafu, macho yamedidimia. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akamwita Ah Keong mwizi, na papo hapo akapewa wa tangini, anarukaruka, na vitunguu juu yake! Uvumilivu ukaniishia.

"We Ah Keong! Huyu ametoka baharini mwaka gani? Nipe yule mkubwa wa tangini, anayekutazama kwa dharau."

"Yule humuwezi, dada. Kilo ringiti arobaini."

"Arobaini! Ana meno ya dhahabu? Thelathini."

"Thelathini na tano, na unanifilisi."

Akamtia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na maji, akamweka kwenye mizani.

"Mwaga maji! Nanunua samaki, sinunui bahari!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Ah Keong akamwaga maji huku akitikisa kichwa, akampima upya, akampara magamba na kumtoa matumbo, kichwa na mkia akaviacha, maana samaki wa mkesha huliwa mzima kwa ajili ya baraka. Nililipa. Nikasubiri kidogo, kikapu wazi. Akamgeukia mteja mwingine.

Sikuomba. Nilianza kuondoka, machozi ya hasira yakinilengalenga.

"We mwenye mdomo!"

Kishada kikapita juu ya vichwa vya watu, kikatua kikapuni mwangu.

"Siku zote hizi ulikuwa wapi?" akapaza sauti Ah Keong. Nilitembea hadi nyumbani kichwa juu, kama bibi harusi.

Mama mkwe alipekua kikapu, akatoa kishada.

"Umevinunua?"

"Kamuulize mwenyewe."

Akavipanga mezani, kimoja kimoja. Kisha akavipanga tena.

"Siew Peng," akasema, "mpe aproni."

Mimi nikaanza kukata tangawizi. Mama mkwe alibaki pale mezani, kanuna, vitunguu mkononi.

"Kesho kutwa Ah Keong akifungua meza twende wote," akasema hatimaye. "Miaka ishirini na mbili nanunua samaki kwa yule mtu. Hajawahi kunipa vitunguu vingi hivi."