Shahidi wa Pili

Fundi bomba alifika kwenye kinamasi kilicho nyuma ya karakana za magari saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla ya watu wote. Haja yake haikuwa ndege. Binti yake ndiye aliyewatembeza watu hapo kutazama ndege kila Jumamosi, bure, hasa wale wasioweza kutofautisha kunguru na mwewe.

Miaka miwili binti hakuwa amemsemesha. Siku mama yake alipokuwa mahututi, alimpigia baba simu mara nne, na mara nne akajibiwa, "Niko njiani." Njia gani? Alikuwa ameketi baa, mguu juu ya sanduku la vifaa. Alifika hospitali kesho yake, kitanda kimeshatandikwa shuka jingine. Tangu hapo mjukuu amezaliwa, ameota meno, na babu hajamtia machoni. Juzi ndipo ujumbe wa binti ulipoingia kwenye simu: kama anataka kuonana naye, aje Jumamosi atembee na wenzake.

Alipousoma hakuruka wala hakulia. Tangu msiba, moyo wake ulikuwa kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi. Unaigusa, unajua ni yako, basi.

Walikuwa saba. Binti aligawa darubini, akampa na yeye kama mgeni yeyote, akamwonyesha namna ya kuzungusha kigurudumu cha katikati. Kisha akawaeleza sheria ya kikundi: ndege haingii daftarini mpaka aonwe na watu wawili. Macho ya mmoja hayatoshi, hata yakiwa ya kiongozi. Mshonaji mmoja, mama mnene mwenye mabuti ya mvua, akauliza kama sheria hiyo inaweza kutumika kwa mumewe, ambaye kila mwisho wa mwezi huona vitu peke yake. Watu wakacheka. Fundi alicheka nao, kwa mdomo.

Walipita juu ya njia ya mbao, nusu yake imeoza, wakiandika: yangeyange kumi na wawili, mdiria mmoja juu ya tairi, korongo wawili wakichambua mifuko ya plastiki. Fundi aliona zaidi bomba la maji machafu lililoachia kwenye kiungo. Kazi ya nusu saa, alijiambia. Hakumwambia mtu.

Penye matete binti alisimama ghafla na kuinua mkono. Mshonaji alikuwa ameinamia kitabu cha picha, wengine wanahangaika na vigurudumu. Fundi peke yake ndiye aliyekuwa bega kwa bega naye, darubini machoni. Matete yakatikisika, yakatulia.

"Kulastara mdogo," binti alinong'ona. Alikuwa amemtafuta miaka mitatu, na wenzake wa kikundi walishamwambia aache, ndege huyo kahama tangu karakana zijengwe. Akageuka. "Nani mwingine amemwona?"

Wote wakamtazama fundi. Mshonaji akamgusa kwa kiwiko.

"Sema basi, mzee. Si ulikuwa unatazama kulekule? Usimnyime dada wa watu ndege wake."

Neno lilikuwa tayari ulimini. Maisha yake yote aliwapa watu neno walilolitaka, mteja, mke, binti, na kila mmoja akatulia kwa muda. Kalamu ya binti ilikuwa juu ya karatasi.

"Sikumwona," alisema. "Nimeona matete yakitikisika. Ndege sikumwona."

"Hata bawa?" binti aliuliza.

"Hata bawa, mwanangu."

Mshonaji akafyonya. Binti akafunga daftari, akatangulia. Mzunguko uliobaki hakumsemesha tena, na fundi akajua amejiharibia. Alijua tu, kama mtu anavyojua spana yake moja imepotea. Jambo hilo halikumuuma.

Getini binti alikusanya darubini. Ya baba aliipokea mwisho, wengine wakiwa wameshaondoka, akaifuta vioo kwa pindo la shati kwa muda mrefu.

"Ungesema ndiyo, ningekuuliza miguu yake ilikuwa ya rangi gani," alisema. "Halafu tungemalizana hapahapa."

"Mimi hata sijui kama ana miguu."

Binti hakucheka. Aliifungia darubini kwenye mkoba.

"Mtoto anaamka saa tatu. Viatu hivyo utaviacha nje, vimejaa tope."

Akaanza kutembea. Fundi akamfuata hatua mbili nyuma, akijipapasa ndani kama mtu anayetafuta funguo, asikie furaha iko wapi. Hakuipata. Akaongeza mwendo asiachwe.