Mwizi wa Upepo

"Wamerudi tena!" Masafa alipaza sauti, goti moja chini, kiganja juu ya tairi la nyuma. "Jana nimelijaza mpaka ukiligonga linalia. Liangalie sasa. Limelegea kama mto wa zamani."

Mkewe alikuwa dirishani na pini mdomoni, akipima suruali ya mtu. Alizitoa pini moja moja kabla ya kujibu, maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo.

"Nani huyo wa kuiba upepo? Akishauiba anaupeleka wapi?"

"Binadamu wana husuda, mke wangu. Wameliona gari, limewakaa rohoni."

"Husuda mpaka ya upepo," alisema mkewe, akarudisha pini mdomoni na kuinamia suruali yake.

Jina la Masafa alilipata kwa kuendesha malori ya mwendo mrefu tangu ujanani hadi siku alipostaafu. Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na mtaa mzima ulimwita Bi Pindo kwa sababu nguo aliyoikunja yeye haikuwahi kuachia. Gari lenyewe lilianza maisha yake likibeba mikate. Lilipochoka kubeba mikate, Masafa naye alikuwa amechoka kubeba mizigo ya watu, wakaokotana. Akalitoboa madirisha, akalipigilia kitanda, akaliwekea jiko la gesi, choo kidogo na rafu ya vikombe yenye kizuizi mbele. Watoto wa mtaa waliliita gari-nyumba. Bi Pindo aliliita kabati.

Na lilikuwepo kwa ajili yake. Enzi zile za malori, kila Masafa alipofunga safari, mguu mmoja ukiwa umeshapanda ngazi ya lori, alimwambia mkewe, "Ipo siku nitakupeleka uione barabara hii." Alimwambia wakiwa maharusi, akamwambia watoto walipozaliwa, akaendelea kumwambia mpaka Bi Pindo akaacha kuitikia. Sasa watoto walikuwa na nyumba zao, lori lilikuwa na dereva mwingine, na Masafa alibaki na ahadi hiyo mikononi. Iliogofya kuliko mteremko wowote aliowahi kuushuka.

Safari yenyewe ilikuwa karibu iharibikie kwenye majaribio. Masafa alijaza matairi mpaka kile kiwango kikubwa kabisa kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa kuwa kwake tairi gumu ndilo tairi, mengine ni mapambo. Wakatoka. Kwenye tuta la kwanza nyumba nzima iliruka. Sufuria zilipiga kelele, mlango wa choo ukafunguka wenyewe ukajifunga wenyewe, na kikombe kimoja kati ya vile vya harusi yao kikakatika mkono. Bi Pindo aliuokota ule mkono wa kikombe, akautia mkobani, akashikilia kiti mpaka walipofika nyumbani.

"Mimi siendi popote nikichekechwa kama unga," alisema akishuka. "Utaenda mwenyewe. Umezoea."

Hilo neno la mwisho lilimwingia Masafa mpaka kwenye mfupa. Usiku hakulala vizuri. Lakini kupunguza upepo nako hakuthubutu, maana alishaona tairi laini linavyopata moto njiani na kupasuka, na safari hii pembeni yake hakutakuwa na magunia ya saruji. Atakuwa mkewe.

Ajabu ni kwamba kesho yake Bi Pindo alisema amefikiri, ataenda. Hakueleza zaidi. Masafa alifurahi mpaka akafagia ua. Na ni tangu siku hiyo upepo ulipoanza kuibwa.

Basi asubuhi hii, safari ikiwa kesho na vyombo vyote vimeshapakiwa, alijaza tena, akaweka kigoda kando ya gari, akakaa na fimbo mapajani. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alimwona, akatoka na mkasi mkononi.

"Mzee Masafa, leo unalinda nini?"

"Upepo."

Kinyozi alitazama mbinguni, akatazama ardhini, akarudi ndani kunyoa. Habari hiyo ikasambaa mtaani kwa kila kichwa kilichotoka kwake.

Baadaye Bi Pindo alimletea mumewe chai, akamfuta vumbi begani, akawa mpole kupita kawaida.

"Baba watoto, nimeishiwa uzi mweusi. Hebu kaninunulie dukani, mimi nitakushikia zamu."

Masafa aliporudi na uzi, mkewe alikuwa kwenye kigoda, fimbo mapajani, uso mkavu. "Nimelinda," alisema. "Hakupita hata paka."

Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa limelala. La kulia nalo lilikuwa likisinzia.

Hapo Masafa aliona mambo yamemzidi kimo. Alilikokota gari mwendo wa konokono hadi kwa fundi wa matairi wa mtaa wa pili, Bi Pindo akiwa kando yake na mkoba kifuani. Fundi huyo alikuwa mwanamke mfupi, asiyependa maneno mengi, mwenye kipima upepo kilichoning'inia shingoni saa zote. Watu walimwita Geji, na mwenyewe aliitika.

"Mwanangu, valvu zimekufa," alisema Masafa. "Au kuna mtu ananichezea."

Geji alijaza upepo, akachovya brashi kwenye maji ya sabuni, akapaka valvu, akapaka tairi lote kuzunguka rimu. Wakainama wote watatu kutazama. Hakuna povu lililochemka.

"Mzee wangu, upepo huu hautoki," alisema Geji. Aliinuka akifuta mikono. "Unatolewa."

Masafa akageuka. Bi Pindo alikuwa akitazama bati la banda kana kwamba limeandikwa kitu. Kwenye kilemba chake, juu kidogo ya sikio, ilichomoza sindano nene ya kushonea magunia.

"Mke wangu."

"Abee."

"Hiyo sindano ni ya nini?"

"Ya magunia."

"Una magunia gani ya kushona?"

Bi Pindo alishusha pumzi. "Haya, ni mimi. Ulitaka nifanye nini? Nakubonyezea valvu kidogo tu kwa kitako cha sindano, natoa ule ushenzi, nabakiza kiasi. Nawe ukiamka unaurudisha! Nimetaka kusafiri, sikutaka kurushwa."

"Nimeshinda na fimbo namvizia mwizi!"

"Na mwizi amekuletea chai."

Geji alikohoa kuficha kicheko, lakini kilimtoka puani. Kisha akawaambia wote wawili wamekosea. Kile kiwango cha ubavuni ni mwisho wa tairi kuvumilia, si amri ya kujaza. Na upepo wa kukisia kwa sindano utawaua mchana kweupe. Tairi hujazwa kwa kadiri ya uzito linaoubeba. "Gari lenu lina uzito gani?"

Masafa hakuujua. Maisha yake yote mizigo ilikuwa ya watu, na uzito waliujua wao.

Nyuma ya banda palikuwa na yadi ya vyuma chakavu yenye mzani wa magari. Geji aliwapeleka, akapima gurudumu moja moja. Ya mbele hayakuwa na neno. La nyuma kulia, sawa. La nyuma kushoto lilipokanyaga mzani, Geji aliusoma, akaupiga kofi kidogo, akausoma tena.

"Hapa kuna mtu mmemlaza?"

"Kuna godoro tu," walijibu pamoja, na haraka mno.

Geji alipanda ndani, akanyanyua godoro. Chini ya mbao za kitanda kulikuwa na vitu viwili vimelala bega kwa bega, kila kimoja na blanketi lake. Kimoja kilikuwa sanduku la chuma la Masafa, alilolipenyeza kwa mlango wa nje: jeki, minyororo, na spana za malori ambazo hazikuingia kwenye nati hata moja ya gari hili. Cha pili kilikuwa cherehani ya Bi Pindo, ile ya chuma, na kichwa chake na miguu yake.

Waliangaliana. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumkaripia mwenzake.

"Kwa uzito huu tairi la kushoto litapasuka hata nikilijaza vipi," alisema Geji. "Kimoja kishuke. Kipi, ni lenu."

"Si tulikubaliana cherehani inabaki?" Masafa aliuliza, lakini taratibu.

"Tulikubaliana." Bi Pindo aliweka mkono juu ya blanketi. "Ulipokuwa huko na barabara yako, mimi nilikuwa na huyu. Watoto wakishalala, nyumba ikinyamaza, aliyekuwa akiongea ni huyu. Nikimwacha peke yake kule ndani nitajiona nimemfanyia mtu ubaya."

Masafa aliona aibu, na katikati ya aibu akampenda mkewe upya. Akainama, akashika sanduku lake kwa masikio yote mawili, akalivuta nje huku mgongo ukimlalamikia, akalitua miguuni pa Geji.

"Nitunzie, mwanangu. Na ukipata lori linaloingia hizi spana, wape tu."

Wakapima tena. Kushoto bado kulikuwa kuzito kuliko kulia, ila sasa kwa kiasi cha kubebeka. Waliporudi bandani, Geji alisoma jedwali la kiwanda lililobandikwa ukutani, akaburuta mpira wa kompresa, akajaza la kushoto: chini ya ugumu wa Masafa, juu ya ulaini wa Bi Pindo. Halafu akalijaza la kulia vilevile.

"La kulia si jepesi?" Masafa alidakia.

"Yote mawili yanashikwa na ekseli moja, mzee. Yanajazwa sawa, na anayepimwa ni yule aliyebeba zaidi."

"Hebu rudia, binti yangu," alisema Bi Pindo. "Sikio lake la huku halisikii vizuri."

Geji akarudia. Masafa alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

Walipoketi garini, Masafa alishika ufunguo bila kuuzungusha. "Basi turudi tukalale. Kesho alfajiri tuondoke."

"Kesho kuna nini? Nyumba nimeshafunga. Ufunguo anao kinyozi tangu ulipofuata uzi."

"Tangu nilipofuata uzi? Na kama ningekataa kupunguza upepo?"

Bi Pindo alichomoa sindano ya magunia kwenye kilemba, akaichomeka kwenye kola ya shati la mumewe, akaisawazisha isimchome. Kisha akavua viatu, akavisukuma chini ya kiti.

Masafa aliwasha gari, akatoka taratibu bandani, akakunja upande usioelekea nyumbani. Mbele lilikuwepo tuta. Akapunguza mwendo, akabana pumzi, magurudumu ya mbele yakapanda yakashuka, ya nyuma yakafuata. Nyuma yao, kwenye rafu, kikombe kisicho na mkono kilisogea kidogo, kikamgusa mwenzake, kikatulia.