Nesi Ambaye Hajakabidhi

Jamani, kaeni vizuri, maana tangu nishuke kutoka Masukulu sijapata usingizi wa maana, na kila ninayetaka kumweleza ananikatisha.

Mnajua nilivyomaliza chuo nikapata kazi ya mradi pale Tukuyu. Kazi yenyewe ni kufundisha kamati za zahanati. Tangu mambo yawe soko huria, serikali imesema haiwezi tena kubeba kila kitu, wananchi wachangie, halafu kamati zao ziamue zenyewe hela inunue huduma gani kwanza. Mimi ndiye naenda na makaratasi makubwa na kalamu za rangi, nawafundisha kuamua. Gari likanishusha kijijini Masukulu na mabegi yangu, likarudi mjini.

Zoezi la kwanza nalipenda sana. Nachora mahitaji chini kwa mkaa, kila mjumbe anapewa maharage, anaweka pale anapoona panauma zaidi. Basi maharage yote yakaenda kwenye chumba kipya cha kujifungulia. Hakuna aliyegusa dawa, hakuna aliyegusa choo.

"Lakini chumba mnacho," nikasema. Nilishakiona mwisho wa baraza, kina mlango wa bluu. Ulikuwa umefungwa, ila chini yake maji ya sabuni yalikuwa yanatoka taratibu, nikajua kuna mtu anadeki.

Mzee Geresoni, mwenyekiti wao, akavua kofia. "Kile ni cha nesi Atupakisye, mwanangu."

"Basi na yeye aje kwenye semina."

"Tulimzika mwaka jana."

Nikacheka, nikajikuta nacheka peke yangu.

Aliyenieleza vizuri ni Prisca, nesi kijana aliyeletwa badala yake. Tulikuwa kwenye chai. Atupakisye aliugua ghafla, akaomba azikwe na sare yake. Wakamvika, wakamzika, ufunguo wa chumba ukiwa mfukoni. Walipokumbuka, kaburi lilishafukiwa. Tangu siku hiyo mlango haujafunguliwa, na kila asubuhi chumba kinadekiwa kwa ndani.

"Si mvunje kitasa?"

"Niingie ofisi ya mtu ambaye hajakabidhi? Wewe dada Atupele ungeingia?" Prisca akashusha kikombe. "Vifaa vyote vimo mle. Mimi nazalishia stoo, mikono mitupu."

Pembeni yetu alikaa Tusekile, mjumbe wa akina mama, mjamzito, tumbo limeshashuka kabisa. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa njiani kwenda Tukuyu, kwenye tope. Alitoka kimya, na hapakuwa na bomba la kumfyonza makamasi.

"Huyu naye akitoka kimya," Tusekile akasema, "sijui nitafanyaje." Akaendelea kutafuna kiazi chake kama vile hajasema kitu.

Kesho yake niko katikati ya somo, Tusekile akashika meza. Uchungu. Nje mvua ya kwetu ile isiyojua kuchoka, barabara imeshakuwa uji. Prisca akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akautazama mlango wa bluu. Hakuna aliyeinuka.

Mimi na mdomo wangu wa chuo nikasema, "Kama shida ni kukabidhi, si akabidhi." Nilitaka waone aibu wavunje kitasa. Wao wakaona nimesema la maana.

Mzee Geresoni akasimama mbele ya mlango, kofia kifuani, sisi nyuma yake, vilevile tunavyosimama mtumishi akihamishwa.

"Nesi, kamati ipo hapa," akasema. "Huyu ni Prisca. Kazi yako tumeiona, ndaga fijo, asante sana. Tunaomba umkabidhi chumba. Tusekile ana uchungu."

Kulikuwa na sauti ambayo muda wote nilidhani ni mvua. Ilikuwa brashi, inasugua sakafu. Ikaacha.

Ambilikile, mtunza hazina, akatia mtaimbo. Kitasa kikaruka.

Hapakuwa na vumbi. Shuka limetandikwa, limenyooka. Mikasi iko kwenye sufuria, na maji yake yanatoa mvuke. Prisca akaganda mlangoni.

"Sema umepokea," mwenyekiti akamnong'oneza.

"Nimepokea," akasema, kama mtu anayeapishwa. Tukamwingiza Tusekile.

Sisi tukabaki barazani. Tunamsikia Tusekile akilia, tunamsikia Prisca akimwambia sukuma. Halafu sauti nyingine, ya mama mtu mzima, haina haraka, inamwambia kwa Kinyakyusa apumue taratibu. Nikamgeukia Mzee Geresoni. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kukawa kimya. Kimya kile kibaya. Mama mmoja akaanza kusali, akasahau maneno.

Ndipo mtoto akalia.

Prisca akatoka, mikono imelowa. "Alitoka kimya, kama yule wa kwanza," akasema. "Nikageuka kuchukua bomba. Narudi kumtazama, ameshafyonzwa, ameshafutwa uso, analia."

"Na nani?" nikauliza.

"Usiniulize mimi."

Ambilikile bado ameshika mtaimbo. "Sasa amekabidhi au hajakabidhi?"

"Ambilikile, nyamaza," yule mama aliyekuwa akisali akasema.

Ndani Tusekile akaita, sauti imechoka lakini ina furaha. "Jamani, fungeni huo mlango, mwanangu anapigwa na baridi."

Tukatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aushike.